Imetoka, Hajatoa

Mwende, dada yangu mpendwa,

Sokoni Tulia, pale tulipouza ndengu, bado wanacheka wakikumbuka Kiswahili chako. Ulikuwa unawaitia wateja, "Hii ndengu ni mzuri, mama!" Nami nikikurekebisha unanigeukia: "Si ameelewa? Basi, Kiswahili imefanya kazi yake." Ai, Mwende! Ulikuwa na mdomo wewe.

Siku ile tumbo lilipokushika, nilikuwa nimekuja kwako Zombe kukuona. Ulikuwa umeshashona nguo za mtoto. Nilikufikisha dispensari umeniegemea, damu imelowesha leso zote mbili. Kijana wa zamu hakujua Kikamba chetu. Ukamwambia, "Daktari, nimetoa mimba, nisaidie." Ulitaka kusema imetoka. Kwa maumivu yale, nani angechagua maneno?

Nilimwona akirudi nyuma. "Umetoa? Umekunywa nini? Nani alikupa?" Nikapiga kelele, "Hajatoa! Imetoka yenyewe!" Akasema amesikia kwa masikio yake, na mwenzake alishikwa na polisi kwa kumsafisha kizazi mwanamke wa namna hiyo. Akatoka nje kumpigia mkubwa wake simu. Ukabaki pale kitandani ukiniuliza kwa Kikamba, "Nimekosea wapi?" Nikakuambia hujakosea popote. Gari la kukupeleka Kitui lilipofika, ulikuwa umeacha kuniuliza.

Watu wa kanisa walikuja mazishini wakanong'ona. Nimewaeleza mpaka nimechoka. Lakini kinachonichoma ni kingine: hata kama ungekuwa umeitoa kweli, si angekutibu kwanza? Nimemkasirikia yule kijana, nikawakasirikia waliomtia hofu, na hasira haijaisha. Nikipika, nakulilia. Nikienda shambani, nakulilia.

Kuna jambo sijamwambia hata Mama. Nina mimba. Leo asubuhi nimeona damu kwenye nguo yangu. Mume wangu yuko nje, ameshawasha pikipiki, ananiita twende hospitali. Nami nimejifungia hapa chumbani nakuandikia wewe, kwa sababu naogopa nitakavyoulizwa.

Pumzika, mpenzi wangu. Sasa mume wangu anabisha mlangoni.

Ni mimi dada yako mkubwa,
Kasikeu