Fiche Niliiacha Ndani ya Prise

Siku ya posho, Jumamosi, saa kumi ya mchana. Mvua imetoka kunyesha, ziwa limefunikwa na ukungu.

Salamu kwenu nyote wenye kusoma hapa. Mungali na afya? Mugongo, magoti, presha, vyote vinawatii? Mimi mwili ni muzima. Ila telefone nimeiweka juu ya magoti ili niweze kuandika bila kukosea kila neno.

Leo nimempiga mama yangu.

Nimeliandika hilo neno, nimeliangalia, na silifuti. Acheni niwaeleze polepole, maana hata mimi nahitaji kulisikia kutoka mwanzo.

Mama anaishi kwetu huku Nguba, Bukavu, tangu magoti yake yalipokataa. Nyumba yetu iko chini, na kufika barabarani ni kupanda ngazi za udongo ambazo hawezi tena kuzipanda. Kwa hiyo Misa ya yenga, Jumapili, anaifuata kwa televizyo. Anavaa kitenge chake kizuri, anafunga kilemba, anakaa wima kama yuko kwenye benchi ya parokia. Wakati wa kupeana amani anatupa mukono mimi na mke wangu. Kama hatuko karibu, anaupa mukono wa kiti.

Siku ya ine, Alhamisi, televizyo ikazima. Hata ile taa ndogo nyekundu ya chini haikuwaka. Nikasema nitaitengeneza mwenyewe kabla ya yenga.

Mimi si fundi. Masomo yangu yaliishia deuxième secondaire, mwaka wa pili wa sekondari. Lakini ujanani nilikaa miaka miwili kwa tonton mumoja, muzee wa jamaa yetu, aliyekuwa anatengeneza redio, nikajifunza kulehemu na kupima. Redio nimefungua nyingi. Redio inakula mawe, yaani betri, mawili au mane, na ukikosea inanyamaza tu. Televizyo ni kitu kingine, inakunywa courant, umeme wa ukuta. Hilo nilikuwa najua. Nasema hapa mbele yenu kwamba nilikuwa najua.

Leo asubuhi niliilaza kifudifudi juu ya meza ya salon, juu ya blanketi, nikafungua mugongo. Ndani kuna carte mbili, vibao vya vipande vya umeme. Moja ni ya picha na sauti. Nyingine ni ya alimentation, ile yenye kupokea courant ya ukuta na kuigawa kidogo kidogo. Nikapima fusible, fyuzi yenyewe, nzima. Nikachomeka fiche, kichwa cha kamba, ndani ya prise ya ukuta, nikapima juu ya condensateur kubwa, ile yenye kuweka akiba ya courant na kufanana na kopo la tomate: volti zaidi ya mia tatu. Basi, courant inaingia. Lakini upande wa kutokea, pale panapotakiwa volti tano, kipimo kilinipa mbili, kisha moja, kisha kikaanza kucheza. Kuangalia vizuri, nikaona condensateur mbili ndogo zimevimba kichwa kama mandazi.

Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi kama mutu aliyeokota kitu njiani. Ndani ya boksi langu la zamani niko na zingine za namna ile.

Saa sita courant ikaenda. Hapa kwetu hiyo si habari. Nikajiambia ni neema, sasa nafanya kazi kwa amani. Nikaikamua condensateur kubwa kwa ampoule ya taa na nyaya mbili, ampoule ikawaka kidogo, ikafa. Nikapima, sifuri. Mupaka hapo tonton angenisifu.

Lakini fiche niliiacha ndani ya prise.

Haikuwa kusahau. Niliiacha kwa kutaka. Nilitaka courant ikirudi, ile taa nyekundu iniambie palepale kama kazi yangu imefaa. Na nilijua nitasikia. Wenye kuishi Bukavu munajua: courant ikirudi, hata ampoule haijawaka vizuri, watoto wa avenue nzima wanapiga kelele, "Imekuyaaa." Sauti inaanzia huko juu barabarani, inashuka parcelle kwa parcelle, kiwanja kwa kiwanja, mupaka kwenye maji. Miaka yote hiyo ndiyo kengele yangu. Nikajiambia, wakilia, natoa mikono. Ni ujinga, naona sasa. Sauti ya mutoto haitangulii courant. Lakini ndivyo nilivyojiambia.

Mama akatoka chumbani akishika ukuta. Mke wangu hakuwa nyumbani. Muzee wa parcelle ya jirani amefariki, na wamama wote wako kule kwenye kilio wanapika.

"Papa," akaniambia. Hivyo ndivyo ananiita tangu nizaliwe, kwa sababu niko na jina la baba yake. "Na hii giza ya mvua, unaona nini?"

"Naona, Mama. Wewe ukae tu."

"Unaona kama popo."

Akawasha lampe ya telefone yake, akaja kunimulikia. Mukono ule ule ulikuwa umezungushiwa rozari yake ya chuma, na musalaba unaning'inia.

"Sasa huyu mugonjwa anaumwa wapi?"

"Kichwa, Mama. Hivi viwili vimevimba."

"Hivi?" Akainama, akanyoosha kidole cha mukono ule wenye telefone.

Jikoni frigo ikaguna.

Hakuna mutoto aliyepiga kelele. Hata mumoja. Frigo ikaguna tu, kama mutu anayeamka. Nami nikaona ule musalaba unazunguka juu ya carte, na kidole cha mama kinashuka pembeni yake.

Nilipiga mukono wake kwa nguvu zangu zote.

Telefone ikaruka mupaka kwenye ukuta. Rozari ikakatika, shanga zikatawanyika chini ya viti, na musalaba ukaanguka ndani ya televizyo. Pah. Mwanga wa bluu, moshi, harufu ya kuungua. Kisha hakuna kitu.

Mama aliuangalia mukono wake. Hakuangalia televizyo. Akaniangalia mimi.

"Deo," akasema. "Umenipiga."

Hakuniita papa. Aligeuka, akashika ukuta tena, akaingia chumbani kwake.

Nilichomoa fiche. Wakati huo ndipo nilipoichomoa. Nikakaa chini, kati ya shanga, na kuuliza mbona watoto wamenyamaza leo. Jibu likanijia. Jana jioni, mimi mwenyewe nilisimama kwenye mulango wa parcelle, nikawakusanya wote. Niliwaambia, "Batoto, kwa jirani kuko kilio. Hata courant ikirudi, sitaki kusikia sauti ya mutu." Mumoja akaniuliza, "Hata kidogo, papa Deo?" Nikamujibu, "Hata kidogo."

Walinitii.

Tangu saa hiyo niko naona kidole cha mama. Nikifunga macho nakiona, nikifungua nakiona. Musalaba nilipoutoa, nilitumia kipande cha mbao, ingawa fiche ilikuwa mukononi mwangu. Mguu wa musalaba umeyeyuka, na pembeni umekuwa mweusi. Ni chuma hicho. Mukono wa mama ni ngozi na mufupa. Najaribu kusali Salamu Maria na nafika katikati, kwenye "saa ya kufa kwetu", na ulimi unakwama.

Na bado sijamwambia. Yeye anafikiri nimechoka naye. Anafikiri niliona mukono wa muzee unasumbua kazi yangu, nikaupiga kama mutu anavyofukuza inzi. Hilo linaniuma. Lakini nikiri kabisa: kuna dakika nilitaka abaki hivyo. Afadhali aniite mutoto mubaya, kuliko ajue nilimuacha asogeze mukono kwenye kifo kwa sababu nilitaka kuona taa nyekundu mbio mbio.

Nimeokota shanga zote. Nimetafuta pinsi yangu, koleo ndogo, nimeunganisha munyororo, pete moja moja. Ilinichukua muda.

Naacha kuandika hapa. Naenda kwake.

*

Nimerudi.

Alikuwa amekaa juu ya kitanda, uso kwenye dirisha. Nilipiga magoti kwenye sakafu ya sima, nikaweka rozari juu ya mapaja yake, na pembeni kamba ya televizyo pamoja na fiche yake. Kwa bahati ile kamba inachomoka nzima nzima kutoka kwenye televizyo. Nikamwambia yote. Fiche, taa nyekundu, frigo, watoto. Sikuacha kitu.

Alichukua musalaba, akaupitisha kidole pale mguu ulipoyeyuka, akarudia, akarudia.

"Hapa ndipo mukono wangu ulikuwa unaenda?"

"Hapo, Mama."

Nilisikia wamama wa kilio wanaanza wimbo ng'ambo ya ukuta. Nikafikiri, kesho wangeimba hapa kwetu.

"Na Misa ya kesho?"

"Kesho hakuna televizyo, Mama. Sasa imekufa kweli. Nitakusomea masomo mimi."

"Wewe unasoma kama unafukuzwa."

"Nitasoma polepole."

Akanyoosha mukono ule niliopiga. Kuna alama nyekundu juu ya kifundo. Nilifikiri anataka kunigusa kichwa. Alichukua kamba, akaikunja vizuri kama anavyokunja mishipi ya vitenge, akaiingiza chini ya muto wake.

"Hii inalala kwangu," akasema. "Siku utataka kufungua tena hiyo kitu, utakuja kuniomba."

"Ndiyo, Mama."

"Uende ukule. Toka asubuhi hujakula."

Nilisimama. Nilikuwa nasubiri neno moja tu, na halikuja. Nikafika mulangoni.

"Na urudishe mulango, papa. Baridi inaingia."

Niliurudisha, nikabaki nyuma yake nimeshika kitasa, sijui kwa muda gani.

Woga haujaisha. Televizyo bado iko juu ya meza, mugongo wazi, nimeifunika na kitambaa na siwezi kupita karibu. Najua haina kamba. Najua nikiipima nitapata sifuri. Napita nyuma ya viti hata hivyo, nimeegemea ukuta kama mama.

Wewe unayesoma, kama nyumbani kwako kuna chombo kimefunguliwa leo, amuka sasa hivi, angalia fiche iko wapi. Uishike kwa mukono wako. Kisha uniandikie mbio kwamba umeiona, hata neno moja tu. Nakaa na telefone hapa, nasubiri.