Sakafu ya Kanisa Letu Huku Masieda

Baba yangu,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Mama mdogo aliniambia kwenye simu kwamba dawa unameza ukikumbuka, na kukumbuka hukumbuki. Meza, Baba. Mimi huku Masieda mwili ni mzima, ila baridi inanitafuna mpaka mifupa. Nimeandika barua kwa sababu haya nisingeyamaliza kwenye simu bila kulia.

Uliponisindikiza stendi ulisema popote nitakapofundisha nikae karibu na Mungu. Nimejitahidi. Rozari kila asubuhi, kufunga kila Ijumaa. Na bado najitia kinyaa, Baba, tena sana.

Kanisa la kigango chetu lina sakafu ya udongo. Kila Jumamosi akina mama wanaisiriba kwa mavi mabichi ya ng'ombe, mikono mitupu, ili vumbi na funza visipate nafasi. Sisi walimu tunasamehewa. Kazi yetu ni kufika Jumapili na kukaa mbele. Anayewaongoza ni Mama Paskali, mjane, jirani yangu. Ndiye aliyeniletea maziwa na kuni nilipofika sina hata sufuria.

Jumapili moja, wakati wa kupeana amani, alinipa mkono. Ulinuka. Niliupokea, nikatabasamu, kisha nikafuta wangu kwenye sketi. Aliniona. Halafu mimi huyo huyo nikapiga magoti kwenye sakafu aliyoisiriba yeye, nikafumba macho, nikamwomba Mungu anisogelee. Unafiki gani huo?

Tangu siku hiyo kusali nimeshindwa. Nayasema maneno, yanaishia mdomoni.

Nikaamua kwenda kusiriba nao. Nikavaa glovu za maabara ya shule, na barakoa juu. Hawakucheka, afadhali wangecheka. Mama Paskali alisema tu, "Mwalimu, hii inataka mkono. Kijiwe utakisikiaje?" Nikajifanya sijasikia. Kesho yake bibi mmoja alipiga goti sehemu niliyosiriba mimi, akainuka anatoka damu. Kijiwe nilikuwa nimekifunika vizuri kabisa.

Jumamosi iliyopita nikavua glovu. Mavi yalikuwa bado na joto, yakaingia mpaka kwenye kucha. Nilitapika nyuma ya kanisa mara mbili, nikarudi, nikapapasa mpaka vijiwe vikaisha. Sikudanganyi kwamba nilimsikia Mungu. Nilisikia harufu, na mpaka leo nikila ugali naisikia.

Jumapili mikono yangu ilinuka kama yao, sabuni haikusaidia kitu. Ilipofika amani nilimgeukia Mama Paskali kabla ya mtu mwingine yeyote, nikamnyooshea mkono. Alifurahi, nilimwona. Lakini kabla ya kunipa wake aliufuta kwanza kwenye kitenge, taratibu, kiganja na mgongo wa mkono. Ndipo nikatambua kwamba amekuwa akifanya hivyo kila Jumapili, kwangu mimi tu, na mimi nilikuwa sijali hata kuangalia.

Msalimie mama mdogo, na kaka, mwambie aache kukubebesha ndoo za maji. Shangazi naye umwambie shali yake ndiyo inayoniokoa na baridi hii.

Jumamosi nakwenda tena, na najua nitatapika. Wewe umekuwa katekista miaka mingi, unajua kuomba. Ukiniombea, omba Mama Paskali aache kufuta mkono. Siku hiyo nitajua nimesogea.

Ni mimi binti yako,
Veronika