Wazee Niliowapa Familia

Shangazi mpendwa, kabla hujaendelea nakusihi, barua hii usimsomee mtu, hata anayekuchapia kazi zako, na ukiitoa gazetini ondoa chochote kitakachonitambulisha, maana nikijulikana nimekwisha.

Mimi ni karani katika ofisi ya ustawi wa jamii. Wizara yetu inashirikiana na chuo kikuu kutengeneza programu ya akili bandia itakayopanga ni wazee gani watembelewe kwanza na muuguzi nyumbani, ili asipendelewe mtu wala asisahauliwe mtu, na kazi yangu ilikuwa kuingiza kwenye kompyuta fomu elfu mbili za karatasi, sasa kompyuta ikawa haikubali fomu yenye nafasi wazi, na fomu nyingi hazikujazwa pale panapoulizwa mzee anaishi na nani, nami nikaona aibu kwenda kuuliza kila saa kama mtoto wa chekechea, nikachagua "familia", nikajiambia nani hana familia, nikaendelea hivyo fomu baada ya fomu. Mhadhiri anayeongoza mradi akanisifu mbele ya watu, "Data za dada huyu ni safi kuliko za ofisi zote," wakapiga makofi, na bosi wangu akadakia, "Huyo nimemlea mwenyewe."

Programu ikaanza kujaribiwa mtaani kwetu. Wiki iliyopita akaja dirishani mwalimu mstaafu, shati limepigwa pasi upande wa mbele tu, akaniuliza, "Mwanangu, yule muuguzi wangu nimemkosea nini? Wiki ya tatu haji." Nikamtafuta, nikamkuta mwisho kabisa wa orodha: anaishi na familia. Nikamuuliza nyumbani yuko na nani. Akacheka. "Mimi na redio, na redio nayo siku hizi inachagua siku ya kuongea." Mguu wake ulikuwa umefungwa leso, na leso ilikuwa imelowa. Nikamwambia tutalishughulikia, nikaenda kujifungia chooni.

Jumatatu ijayo programu inaanza kazi rasmi, na sijui ni wazee wangapi nimewapa familia wasiyokuwa nayo. Fomu zenyewe zimo kwenye maboksi chini ya ngazi, Ijumaa zinachomwa, na Shangazi, najichukia kuandika hivi, kuna sehemu ya moyo wangu inayoisubiri hiyo Ijumaa.

Usipige simu ya ofisi, anapokea bosi. Yangu usiipige, mdogo wangu huichezea. Nijibu hapa hapa gazetini, uniite Mwoga.

*

Mwanangu,

Jina ulilojipa silitaki; mwoga asingeandika haya yote. Barua yako nimeiruhusu iruke foleni, na niliyopaswa kubadilisha nimebadilisha, kwa hiyo pumua.

Umekosea. Hukuiba, hukuua, lakini mguu wa mwalimu hausubiri upate ujasiri. Ulipigiwa makofi ukashindwa kuyarudisha. Nakuelewa, yana utamu wake. Na wakubwa wako nao wana lao: chuo kizima na wizara nzima, hakuna aliyechukua japo fomu kumi akazilinganisha na kompyuta? Fomu elfu mbili bila pengo hata moja, na msomi hakushtuka? Waulize hilo kwa adabu, ila baada ya kukiri la kwako, si kabla.

Usije ukarekebisha kimyakimya jina la mwalimu peke yake ukajiona umetubu. Kesho asubuhi mpigie mhadhiri, aje, umwonyeshe boksi moja na kumwambia, "Popote palipokuwa wazi, mimi niliandika familia." Sentensi moja, usianze kwa kulia. Papo hapo mwandikie barua kwamba fomu zisichomwe na programu isianze mpaka zihakikiwe. Nakala mpe bosi siku hiyo hiyo, asije akasikia kwa wengine. Utafukuzwa? Huenda, sikudanganyi. Lakini anayejua kosa lilivyoingia ni wewe, na kuzipitia fomu elfu mbili upya si kazi ya wiki moja. Watakuhitaji.

Umetumia aya nzima kunieleza jinsi ya kukupata bila kukugusa. Mwalimu hana njia zote hizo. Anwani yake iko juu ya ile fomu, hapo palijazwa. Leo hii ukitoka kazini mchukue muuguzi mwende kwake, mbishe hodi kwa nguvu, huenda redio inaongea.

Mimi nipo mezani kuanzia saa nne asubuhi hadi saa sita mchana, namba ni ile iliyo chini ya ukurasa huu. Tumia simu ya dukani. Usijitaje jina, sema tu, "Nimetoka kwa mwalimu." Nitajua ni wewe.