Nyuki wa Nyanungu

Mama Lukmani,

Maharage nimeyaepua. Mbuzi nimemfunga nyuma. Simu yako umeiacha hapa mezani, ndiyo maana naandika.

Mtoto hajapasuliwa. Asubuhi Nesi Nora alisema ule mguu uliovunjikia kwenye duara, lile shimo la dhahabu la Nyakunguru, hauchanwi mpaka kwanza achomwe dawa ya kuzuia kidonda kisioze. Akauliza, "Mzee, ana aleji na penisilini?"

Mdomo wangu unaujua. Nikasema alipokuwa mdogo alichomwa hiyo penisilini akavimba mpaka tukaita fundi apanue mlango. Nilitaka Lukmani acheke, maana alikuwa anatetemeka. Akacheka. Nesi hakucheka, aliandika.

Sasa dawa waliyonayo ni ndugu wa penisilini, hawathubutu kumchoma, na ile nyingine imeagizwa Musoma. Mguu ndio unavimba kweli. Nimewaambia nilidanganya, kwamba ni nyuki wa Nyanungu waliomvimbisha. Daktari akanijibu, "Mzee, wakichoka kusubiri wote husema hivyo." Lukmani hakumbuki, alikuwa na miaka mitatu. Nimekuja kutafuta kadi yake ya kliniki, panya wameila upande wote ulioandikwa sindano zake. Huu si utani.

~~Wewe pumzika, nitawabembeleza.~~ Njoo upesi, wodi ya wanaume. Wewe ndiye uliyemtoa ile miiba ya nyuki. Waambie.

Miaka yote huniamini hata nikisema mvua inanyesha. Leo nimepata wa kuniamini, na ana kalamu.

Baba Lukmani