Kinasa Sauti Ndani ya Koti la Baba

Kwa dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu tele. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo, na kile kifua cha mdogo kimepoa. Mimi mwili mzima. Moyo ndio haujatulia. Utajua kwa nini, ila nivumilie nilalamike kwanza.

Unakumbuka nilipoacha uhasibu, Baba aliwaambia wageni sebuleni kwamba kijana wake amekwenda kusomea kuigiza njaa. Wakacheka, nami ndiye niliyekuwa nawamiminia chai. Tangu hapo sijamwomba kitu. Miaka tisa nimerekodi harusi za watu, nimeigiza mlinzi, maiti na shemeji mlevi katika filamu za wenzangu, hadi nikapata kamera yangu. Filamu hii ya kwanza nimeiandika, naiongoza na naigiza mwenyewe.

Basi yule mzee niliyempa nafasi ya baba mkali akanitosa asubuhi ya kurekodi, ati amepata tangazo la sabuni. Nilimpigia Mama kulalamika tu. Mara namwona Baba mlangoni, kavaa koti lake la kazini. Akaniita kwa lile jina alilonibandika: "Bwana Picha, kugomba sihitaji kufundishwa."

Dada, aligomba mpaka mshika taa akasahau taa. Lakini nilipompa karatasi ya maneno yake aliisukuma, akasema atayatunga mwenyewe, amezoea. Nikaumia. Nikaona ni dharau ileile.

Aliondoka mbio, ana miadi, nami nikasahau kumvua kinasa sauti, kile kidogo tunachokibana ndani ya nguo. Mama alinirudishia kesho yake. Nikakisikiliza nitoe sauti ya filamu, na filamu ilipokwisha chenyewe kikaendelea: mlango wa gari, kikohozi chake, kisha daktari wa macho. Ningezima. Sikuzima.

Baba anapofuka, dada. Jicho la kushoto limekwisha. La kulia daktari amelikadiria miezi mitatu, na hakuna upasuaji wa kulirudisha. Baba akauliza jambo moja: "Filamu ya mwanangu itakuwa imetoka?" Kisha akaomba sisi wanawe tusiambiwe.

Mhariri anayenisaidia baada ya kazi zake anataka miezi mitano kuimaliza filamu. Nimepiga hesabu kila upande, haikai. Kwa hiyo naileta nyumbani Jumamosi ijayo hivyohivyo: muziki hauna, rangi hazijalingana, na pahala fulani kiwiko cha mshika taa kimeingia. Nakuomba sana uje. Mama sijui kama anajua, usimwulize. Na usimtazame Baba kwa huruma, atashtuka. Kiti chake nitakiweka mbele, karibu kabisa na ukuta wa kuonyeshea. Akiuliza, nitamwambia huko ndiko sauti inakosikika vizuri.

Wabusu watoto, na shemeji umwambie namsalimu sana.

Mdogo wako,
Bwana Picha