Mate ya Baraka kwa Dereva Wetu

Kalondu mwanangu,

Hapa Emali vumbi ni ya kutafuna na chai, lakini nimefurahi kama ndama aliyefunguliwa. Binti yako Mwende alipoketi kwenye usukani wa gari ya mashindano, nilimtemea mate ya baraka kifuani, mengine yakarukia mlango. Mdosi wake, yule tajiri wa ndege ndogo, akaitisha kitambaa.

Nikamwambia, "Ukipanguza, shauri yako."

Akapanguza. Gari imerudi ya pili, na ule mlango uling'oka wakivuka mto, umebaki huko. Mwende ni mzima, anacheka tu.

Sasa mdosi ananiita nyanya kama Mwende, ananiuliza polepole, "Susu, na ndege zangu utazitemea?"

Nimemwambia alete marubani, chuma haina mama. Wewe mama unaye, na anakupenda. Acha kulia kwa kumhofia Mwende, ule ushibe.

Mama yako