Mzee Wenceslaus kanasa bwawani

Kudura, acha kila kitu usome hii!!

Shangazi Mwanaupe kalipiza. LEO. Pale bustani ya bwawa, mbele za watu 😂

Si unajua mzee Wenceslaus alikuwaga meneja wa duka la ushirika? Mwaka themanini na nne, khanga hakuna, shangazi kapanga foleni toka alfajiri apate ya harusi. Doti ya mwisho ikatokea mlango wa nyuma, kwa mke wa meneja. Mzee akamwambia shangazi, "Binti, subiri zamu yako." Akaolewa kavaa khanga ya kuazima!

Leo mzee kapanda boti ya kukanyaga pedeli, kaunda suti nyeupe, anajitapa eti yeye mtu wa ziwa. Ikanasa kwenye magugu katikati. "Nivuteni jamani!"

Na boti ni za nani? Za shangazi!

Shangazi kawazungusha kwanza watoto wote waliopanga foleni ya boti. Mzee analia huko, shangazi anamjibu, "Subiri zamu yako, baba."

SUBIRI ZAMU YAKO!!

Jioni ndo akaagiza avutwe, tena upande wanakonyweshwaga ng'ombe. Tope hadi magotini.

Shangazi akampokea na khanga mpya.

"Jifute, baba. Ila utairudisha, hiyo nimekuazima tu."